KUMCHANGIA RAFIKI ALIYEUMIA USO
Somo kwa wainjilisti, wazee wa kanisa na wasomaji wote wa Nyanda za Juu Kusini

Masomo ya Biblia: Marko 2:1-12, Luka 10:25-37, 2 Wakorintho 8:16-21.

Somo letu la mwezi huu lahusu jambo ambalo halina sura yake katika vitabu vyetu vya mafundisho, nalo latujia mlangoni mara kwa mara. Mtu wa usharika ameumia uso. Daktari amesema kwamba uso ule waweza kutengenezwa kwa upasuaji, ila fedha hazipo. Rafiki zake wamjia mwinjilisti na kumwuliza: Je, tumchangie? Na tukimchangia, tufanyeje? Tena, fedha ya watu wa Mungu yafaa kutumika kwa kazi ya namna hii, au ni kutafuta urembo tu? Maswali haya tumeulizwa upande wa Mbeya, na upande wa Iringa vilevile. Kwa hiyo twaona ni vema kuyajibu kwa utaratibu, ili kila mwalimu apate la kuwaambia watu wake.

I. Mtu mwenyewe

Ili somo lisiwe maneno matupu, tutamweka mbele yetu mtu mmoja. Tumwite Rafiki tu. Jina lake hatulitaji, wala kijiji chake, na sababu itaonekana katika sehemu ya sita.

Rafiki ni fundi wa kushona nguo, tena ni mwimbaji wa besi katika kwaya. Tangu utoto ana kifafa. Usiku mmoja wa mwezi wa Julai, wakati ambao baridi ya nyanda zetu hukaza na watu huchelewa kuondoka penye mafiga, kifafa kilimshika akaangukia motoni. Waliokuwapo walisita kumgusa, maana wako bado wanaodhani kwamba kifafa huambukiza kwa mate. Walipomtoa, upande mmoja wa uso ulikuwa umeungua.

Jeraha lilipona, lakini kovu la moto halitulii. Lilijikunja na kuvuta vyote vilivyo karibu nalo. Kope ya chini ya jicho ikavutwa hata jicho lisiweze kufumbwa, usiku wala mchana. Pembe ya mdomo ikavutwa kuelekea shavuni, uji ukawa wamwagika anapokunywa. Kwayani hakuja tena. Siku ya Bwana alikaa nyuma karibu na mlango, akaondoka kabla ya baraka.

Rafiki zake wawili, mmoja wa Mbeya na mmoja aliyehamia Iringa kwa kazi ya mbao, ndio walioanza kumtafutia fedha.

Wala Rafiki hayuko peke yake. Wako walioangushwa na pikipiki, mifupa ya uso ikavunjika. Wako wenye uvimbe wa taya, ambao mara nyingi si saratani ya kuenea mwilini, lakini hukua mwaka baada ya mwaka na kuula mfupa. Wengi huuficha kwa kitambaa mpaka umekuwa mkubwa kama embe. Wako watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka, ambao majirani huwapa jina la sungura. Na uko ugonjwa wa noma, unaoanza kwa kidonda cha ufizi katika mtoto mwenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua, nao usipotibiwa upesi hula shavu na mdomo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza noma katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwezi wa Desemba 2023.

II. Je, ni urembo?

Mzee mmoja alisema katika baraza: Fedha zetu ni za kuponya wagonjwa, wala si za kupamba watu. Neno hili lina sura ya hekima, basi tulipime.

Kwanza, tuutazame mwili. Jicho lisilofumbwa hukauka, hupata vidonda, mwisho hupofuka. Mdomo usiofunga hauwezi kuzuia chakula. Mdomo usiofunguka, nao hutokea baada ya kuungua, haupitishi tonge, wala daktari wa meno hawezi kuingiza chombo chake. Mtoto mwenye mpasuko wa kaakaa hawezi kunyonya vema, na akikua maneno yake hayasikiki. Pua iliyozibwa na kovu haipitishi pumzi. Yupi katika hawa ni mtafuta urembo? Daktari aliyemtazama Rafiki alianza na kope, kwa kuwa jicho lilikuwa hatarini. Mambo ya sura aliyaweka nyuma.

Pili, tuutazame moyo. Wahenga walisema, uso umeumbwa na haya. Mtu akiumia mguu, watu humwuliza hali. Akiumia uso, watu hugeuka. Nabii Isaya (52:14 na 53:3) alimwona Mtumishi wa Bwana akiwa ameharibiwa sura kupita wanadamu, na watu wakimfichia nyuso zao. Basi kanisa linalomwabudu Mwokozi wa namna hiyo halina ruhusa ya kumwona mtu aliyeharibika uso kuwa jambo dogo.

Tatu, tuitazame kazi ya Bwana wetu mwenyewe. Usiku ule aliposalitiwa, Petro alilikata sikio la kuume la Malko, mtumwa wa kuhani mkuu (Yohana 18:10). Luka peke yake atuambia kwamba Yesu aliligusa sikio na kuliponya (Luka 22:51). Hiyo ndiyo ponya ya mwisho tunayoisoma kabla ya msalaba. Malko asingalikufa kwa kukosa sikio. Tena alikuja pamoja na adui. Hata hivyo Bwana, saa yake ikiwa imefika, alisimama kidogo akautengeneza uso wa mtu.

Nne, tukumbuke mafundisho yetu. Katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, Luther aeleza kwamba amri ya tano haikomi katika kutokumdhuru jirani, bali yatudai tumsaidie katika kila haja ya mwili wake. Na katika barua yake ya mwaka 1527 kwa mchungaji Johann Hess juu ya tauni, alifundisha kwamba Mungu ndiye aliyeumba dawa na kutupa akili ya kuutunza mwili. Azidharauye hamheshimu Mungu bali amjaribu. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema, Tuombe tu, hospitali ni kukosa imani.

Tena asiwepo wa kuuliza, Ni nani aliyemroga, au alitenda nini? Swali hilo wanafunzi waliliuliza juu ya kipofu, na Bwana akalikataa (Yohana 9:1-3).

III. Habari za waliotutangulia

Kazi ya kutengeneza nyuso si mpya. Iliendelea sana katika Vita Kuu ya Kwanza, askari walipotoka katika mahandaki wakiwa wamepigwa risasi usoni. Daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliwakusanya wengi katika hospitali iliyofunguliwa Sidcup, Uingereza, mwaka 1917. Aliwapandikiza ngozi na mifupa kutoka sehemu nyingine za miili yao, hatua kwa hatua, wengine mara nyingi sana. Yasimuliwa kwamba katika njia ya Sidcup yaliwekwa mabenchi yaliyopakwa rangi ya buluu, ili wenyeji wajue kwamba anayekaa pale huenda akawa na uso wa kutisha, wapate kujiandaa au kupita upande mwingine.

Vita vya pili vilipokuja, ndugu yake Gillies, daktari Archibald McIndoe, aliwatibu marubani walioungua katika ndege, katika mji mdogo wa East Grinstead. Yeye aliona kwamba kisu peke yake hakitoshi. Aliwaendea wenyeji wa mji akawaomba wawakaribishe vijana wale nyumbani kwao, wale pamoja nao, wasiwakodolee macho wala kugeuza nyuso. Wenyeji wakakubali, na mji ule ukajulikana kuwa mji usiokodoa macho. Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe waliunda chama chao, wakasaidiana miaka mingi baada ya vita.

Sasa habari hii yaingia katika nchi yetu. McIndoe alikuwa na shamba katika mteremko wa Kilimanjaro. Huko yeye, pamoja na daktari Michael Wood, mpasuaji wa Nairobi aliyejifunza kwake kazi ya kutengeneza nyuso na viungo, na daktari Thomas Rees wa Marekani, walishauriana jinsi ya kuwafikia wagonjwa walio mbali na hospitali. Waliona katika Afrika Mashariki watu walioungua, watoto wenye midomo iliyopasuka na walioumizwa na wanyama, wasio na wa kuwatibu. Mwaka 1957 wakaanzisha shirika ambalo leo laitwa AMREF, likawa na madaktari waendao kwa ndege. Basi, ndugu, shirika hilo kubwa chanzo chake ni watu waliojali nyuso za maskini.

Tunayo mifano miwili mbele yetu, benchi la buluu na mji usiokodoa macho. Kila usharika wapaswa kujiuliza wafanana na upi.

IV. Kuhesabu gharama

Bwana wetu alisema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Machango mengi huharibika kwa kuwa watu hukusanya kwanza na kuuliza baadaye. Utaratibu ufaao ni huu.

Kwanza, ipatikane barua ya daktari. Mgonjwa apite ngazi zilizowekwa: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya au hospitali teule ya kanisa, hospitali ya mkoa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na ikilazimu Hospitali ya Taifa Muhimbili. Barua iseme ugonjwa ni nini, upasuaji ni wa hatua ngapi, na kila hatua yagharimu kiasi gani.

Pili, ulizeni kama kuna njia isiyo ya fedha. Kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za serikali kulianza mwaka 1993, lakini pamoja nako uliwekwa utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo. Hospitalini iko ofisi ya ustawi wa jamii. Mwinjilisti amsindikize mgonjwa mpaka hapo. Ulizeni habari ya bima pia, maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Na kwa watoto wenye mpasuko wa mdomo, ziko hospitali za Tanzania, kama CCBRT ya Dar es Salaam, ambazo zimewapasua bila malipo kwa msaada wa shirika la Smile Train. Itakuwa huzuni kubwa mjane akiuza mahindi yake kwa kazi ambayo ingefanyika bure.

Tatu, ihesabiwe safari nzima, wala si kisu peke yake. Kutoka Mbeya mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Kutoka Iringa ni kama 500. Mgonjwa hasafiri peke yake. Tufanye hesabu ya mfano tu, ili wainjilisti waone jinsi ya kuiandika. Tuseme hospitali imetaja shilingi 2,000,000 za upasuaji. Nauli ya mgonjwa na msindikizaji, kwenda na kurudi, tuseme shilingi 50,000 kila tiketi, ni 200,000. Nao watakwenda mara tatu, yaani kutazamwa, kupasuliwa na kurudi kuangaliwa kovu: 600,000. Chakula na malazi ya msindikizaji siku 30, kila siku 15,000, ni 450,000. Dawa na vitambaa vya vidonda 150,000. Nyumba ya fundi asiyeshona majuma manane, kila juma 40,000, ni 320,000. Jumla ni 3,520,000. Mwaona, ndugu, yale yasiyotajwa na hospitali yamepita robo tatu ya gharama ya upasuaji wenyewe. Nayo ndiyo yaliyowarudisha wengi njiani.

Nne, tujue kwamba uso hautengenezwi kwa siku moja. Ngozi iliyopandikizwa huhitaji miezi mpaka itulie, ndipo daktari aendelee na hatua ya pili. Hapa Msamaria wa Luka 10 ni mwalimu wetu. Alimfunga jeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili. Watu wengi huishia hapo katika kuhubiri. Lakini yeye alimwambia mwenye nyumba kwamba kitakachozidi atakilipa atakaporudi. Hiyo ahadi ya kurudi ni sehemu ya huruma yake. Hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni ya shirika lililojiita kwa jina la Msamaria huyo, nasi twalisoma jina hilo mlangoni bila kukumbuka daima kwamba yeye alilipa mara mbili.

V. Sanduku na funguo zake

Mtume Paulo aliwaagiza Wakorintho waweke akiba kila siku ya kwanza ya juma, na watu waliochaguliwa nao ndio waipeleke (1 Wakorintho 16:1-4). Katika barua ya pili alieleza kwa nini hakuichukua peke yake: hakutaka mtu apate la kumlaumu, akiangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia (2 Wakorintho 8:20-21). Ikiwa mtume alijichunga hivyo, sisi ni nani?

Mwaka 1523 watu wa Leisnig, mji mdogo wa Saksonia, waliweka sanduku la pamoja kwa ajili ya maskini na kazi ya kanisa, na Luther akawaandikia dibaji ya taratibu zao. Sanduku lilikuwa na kufuli nne na funguo nne: mmoja wa mabwana wa nchi, mmoja wa baraza la mji, mmoja wa raia wa mji, na mmoja wa wakulima wa vijijini. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake, wala mkubwa hakuweza kumzunguka mkulima.

Siku hizi sanduku letu ni simu. Tangu mwaka 2008 watu wa Tanzania wametumiana fedha kwa M-Pesa, na mchango wa ndugu aliye Iringa hufika Mbeya kabla chai haijapoa. Ni baraka. Lakini sanduku hilo lina ufunguo mmoja tu, yaani namba ya siri ya mwenye simu. Mwenye simu akifiwa, akiugua, au mtoto wake akifukuzwa shule kwa ada, jaribu ni kubwa, naye huenda si mwizi bali mtu aliyebanwa. Kwa hiyo fedha isikae katika simu ya mtu mmoja. Kila juma ihamishiwe katika akaunti ya usharika, yenye sahihi za watu watatu: mhazini, mzee mmoja, na ndugu mmoja wa mgonjwa. Mtu wa nne asiye na sahihi ashike daftari. Kila mwezi hesabu isomwe mbele ya baraza la wazee, na mgonjwa mwenyewe apewe nakala.

Tena mapema, kabla ya shilingi ya kwanza, liamuliwe na kuandikwa: fedha ikizidi itakwenda wapi? Mgonjwa akifariki kabla ya upasuaji, itakuwaje? Swali hili ni gumu kulitaja, lakini likiachwa huwagombanisha wafiwa na usharika kaburini.

Juu ya namna ya kutoa, tufuate majira ya nchi. Mwezi wa Januari na Februari ghala za wengi ni tupu, na kumdai mtu wakati huo ni kumwaibisha. Baada ya mavuno kila mtu ana kitu. Mkungu wa ndizi wa Rungwe, debe la viazi, kuku, mbao za Mufindi, mchele wa Kyela, vyote vyaweza kuletwa madhabahuni na kunadiwa baada ya ibada, kama tulivyozoea. Asisomwe mtu kwa jina na kiasi alichotoa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri; na mjane wa Marko 12 hakutangazwa na mhazini, alionwa na Bwana. Wala mtu asikope kwa riba ili aonekane ametoa.

VI. Heshima ya mgonjwa

Hapa ndipo penye hatari iliyo kubwa kuliko zote, nayo huja ikiwa imevaa nguo za huruma.

Katika mchango wa Rafiki, mtu mmoja mwenye nia njema alishauri uso wake upigwe picha na kutumwa katika simu za watu wote, ili waone na kuhurumiwa fedha zije upesi. Mwingine akashauri asimamishwe mbele ya madhabahu siku ya sadaka. Rafiki aliposikia alisema neno moja: "Nichangieni, ndugu zangu, lakini msiuze uso wangu."

Neno hili twataka kila mwinjilisti alishike. Mtu yule amejificha miaka miwili kwa sababu ya macho ya watu. Sisi twataka kumwondolea aibu. Je, tumlipishe aibu hiyohiyo mara elfu kama kiingilio? Tena picha ikitoka hairudi. Uso utatengenezwa, kope itafumba, lakini picha ya zamani itabaki katika simu za watu asiowajua, nayo yaweza kumfuata mtoto wake shuleni.

Wengine watajibu: Bila picha watu hawatatoa. Twawajibu kwamba usharika unaotoa kwa kutazama tu haujafundishwa kutoa. Barua ya daktari, muhuri wa usharika na hesabu iliyo wazi ndiyo ithibati ya kweli. Picha ni ya daktari. Mgonjwa mwenyewe akipenda kusimama na kusema, ni haki yake, naye asikilizwe kwa heshima. Lakini aulizwe akiwa peke yake, siku ambayo hakuna fedha mezani, tena awe huru kukataa bila kuhesabiwa mtu asiye na shukrani. Juu ya mtoto tuwe waangalifu mara mbili, maana mtoto hawezi kukubali jambo ambalo litamfuata akiwa mtu mzima.

Tuwatazame wale wanne wa Marko 2. Walimbeba mwenzao, wakapanda, wakatoboa dari ya nyumba ya watu. Injili haitaji jina la mgonjwa, wala jina la hata mmoja wa wachukuzi. Haisemi ni nani aliyelipa dari. Twajua tu kwamba walimfikisha mbele ya Bwana, na kwamba Bwana aliiona imani yao. Ndiyo sababu nasi hatukumtaja Rafiki kwa jina. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, naye rafiki wa kweli hulitunza jina la mwenzake.

VII. Yaliyobaki kwa usharika

Rafiki amekwisha kupasuliwa mara moja. Ngozi ilitwaliwa sehemu nyingine ya mwili wake ikapandikizwa chini ya jicho, na sasa jicho lafumba. Daktari amemwambia wazi kwamba kovu halitaondoka lote, wala uso hautakuwa kama ule wa kwanza. Hatua ya mdomo bado, na fungu lake la fedha halijatimia. Hapo ndipo machango mengi hufa, kwa kuwa watu hudhani kazi imekwisha. Basi twawakumbusha dinari za Msamaria atakaporudi.

Lakini iko kazi isiyohitaji shilingi. Mpasuaji hutengeneza kope. Macho ya wanaotazama hutengenezwa na usharika. Asalimiwe kwa mkono na kutazamwa usoni, kama mtu yeyote. Watoto wa shule ya Jumapili wafundishwe mapema kwamba si vema kucheka wala kukodoa. Nguo zipelekwe kwake azishone kama zamani. Mwalimu wa kwaya amwekee nafasi yake katika besi, asimpe kiti cha nyuma kwa kisingizio cha kumpumzisha.

Tena mwinjilisti afundishe kinga. Kifafa hakiambukizi, anayeanguka atolewe motoni mara moja, na apelekwe hospitali apate dawa za kila siku. Mahali pa mafiga pazungushiwe ukingo. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe mafuta wala dawa ya meno, ndipo apelekwe kwa tabibu. Mtoto mwenye kidonda cha ufizi kinachonuka asingojewe hata siku tatu. Uvimbe wa taya uonyeshwe ungali mdogo, kwa maana mficha maradhi, kifo humuumbua.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini Bwana aliponya sikio la Malko, na jambo hilo latufundisha nini juu ya mwili wa jirani?
2. Katika usharika wetu, benchi la buluu liko wapi? Ni nani anayekaa karibu na mlango?
3. Fedha zetu za machango zina funguo ngapi, na ni nani wanaozishika?
4. Msamaria aliahidi nini, nasi tumeahidi nini ambacho bado hatujakitimiza?
5. Tukitaka kumsaidia mtu bila kumwaibisha, tutaanza kwa kumwuliza nini?

Jambo la kuombea mwezi huu: wote walioumia nyuso katika Nyanda za Juu Kusini, wauguzi na wapasuaji wao, na sisi tunaowatazama, ili Bwana atupe macho yasiyogeuka na mikono isiyochoka kabla kazi haijakwisha. Amina.